Maswali Yenu: Chrome Iliyoacha Kusasishwa, Virusi 13 na Kufuli Lililopotea

Barua nyingi za safari hii zinahusu vivinjari, yaani programu za kufungulia tovuti: Chrome, Firefox, Opera na wenzao. Tumechagua tano na kuzifupisha kidogo.

Ndugu wahariri, salaam. Simu yangu ni ya Android 9 na bado nzima. Chrome haisasishwi tena, na Play Store haionyeshi hata kitufe cha kusasisha. Huwa naingia benki kupitia tovuti kwa simu hiyohiyo. Je, ninunue nyingine? (Msomaji, Morogoro)

Usikimbilie dukani kwanza. Toleo la 138 ndilo la mwisho la Chrome kwa Android 8 na 9. Toleo la 139, lililotoka Agosti 2025, linataka Android 10 kwenda juu. Chrome yako haitakufa. Itaendelea kufungua kurasa kama kawaida, na hapo ndipo penye mtego, maana hutaona dalili yoyote kwamba pana tatizo.

Tatizo lenyewe liko hivi. Tangu mwaka 2023 Google hutoa marekebisho ya usalama ya Chrome karibu kila wiki. Msimbo (maandishi ya programu yenyewe) wa Chromium, ambao ndio msingi wa Chrome, uko wazi kwa kila mtu. Tundu, yaani kasoro ya usalama, likishazibwa, mdukuzi hulinganisha msimbo wa kabla na wa baada, akajua tundu lilikuwa wapi, kisha akawatafuta wale ambao hawajasasisha. Mtu anayechelewa siku tatu yuko wazi siku tatu. Wewe uliyeishia 138, tundu linalotangazwa kuzibwa kwa wenzako kwako linaweza kubaki wazi moja kwa moja.

Hakikisha kwanza toleo ulilonalo: bonyeza vidoti vitatu vya juu kulia, ingia Mipangilio, shuka mpaka chini, fungua Kuhusu Chrome. Ukikuta ni 138, pakua Firefox, ambayo bado inaikubali Android 8 kwenda juu. Kwenye simu ya RAM ya GB 2 utaiona nzito kidogo, kwa hiyo usirundike vichupo, yaani kurasa nyingi zilizo wazi kwa pamoja.

Hatua ambayo wengi huisahau ni kuifanya Firefox iwe kivinjari kikuu. Ingia mipangilio ya simu yenyewe, kisha Programu, kisha Programu chaguomsingi, uchague kivinjari. Usipofanya hivyo, kila kiungo utakachobonyeza kwenye WhatsApp au SMS kitakurudisha Chrome, na kazi yote itakuwa bure. Manenosiri uliyohifadhi Chrome hayahami yenyewe. Yale yaliyo kwenye akaunti yako ya Google utayaona ukifungua passwords.google.com.

Kuna sehemu moja Firefox haiigusi. Kwenye Android 7, 8 na 9, ni Chrome hiyohiyo inayoonyesha kurasa zinazofunguka ndani ya programu nyingine, kwa mfano ukurasa wa malipo ndani ya mchezo. Kwa hiyo usiandike nenosiri wala namba ya kadi kwenye kurasa za namna hiyo. Firefox itakusogeza miezi kadhaa, lakini mfumo wa simu nao hauzibwi matundu, kwa hiyo anza kuweka akiba ya simu nyingine. Ukienda kununua, usiangalie kamera tu: muulize muuzaji simu ni Android ngapi.

Kwenye kompyuta nina Chrome, Edge, Opera na Brave. Rafiki yangu anasema vyote ni kitu kimoja. Ni kweli? (Msomaji, Mombasa)

Hajakosea sana. Vyote vinne vinatumia injini moja, Blink, iliyomo ndani ya Chromium. Injini ni sehemu inayogeuza msimbo wa tovuti kuwa ukurasa unaouona. Tofauti ni rangi, vitufe, na nani anapokea taarifa zako. Vikubwa vilivyobaki nje ni viwili: Firefox yenye injini ya Gecko na Safari ya Apple yenye WebKit.

Haikuwa hivyo zamani. Opera ilikuwa na injini yake, Presto, ikaiacha mwaka 2013. Microsoft nayo iliitupa ya kwake na kutoa Edge mpya ya Chromium Januari 2020. Ni kampuni ileile iliyotawala kwa Internet Explorer mpaka serikali ya Marekani ikaishtaki mwaka 1998, na leo imepanga chumba kwenye nyumba ya mshindani wake. Sababu ni gharama. Watengenezaji wengi wa tovuti hujaribu kazi yao kwenye Chrome, basi. Ukija na injini yako, tovuti ikivurugika lawama unabeba wewe.

Fedha nazo zinazunguka palepale. Mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili utafutaji wa Google uwe chaguo la kwanza ndani ya Safari. Mozilla, wenye Firefox, nao sehemu kubwa ya mapato yao hutoka kwenye mkataba na Google. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa Washington aliamua kwamba Google imevunja sheria kwa kuhodhi soko la utafutaji. Serikali ikaomba Google ilazimishwe kuiuza Chrome. Septemba 2025 jaji akakataa. Kwa hiyo usitarajie mabadiliko ya haraka upande huo.

Kwako wewe maana yake ni kwamba vivinjari vinne si kuta nne. Septemba 2023 liligunduliwa tundu kwenye libwebp, maktaba (kipande cha programu kinachotumiwa na programu nyingi) ya kusomea picha za aina ya WebP. Picha moja iliyotengenezwa kwa hila ilitosha kuleta madhara. Chrome, Edge, Opera na Brave vyote viliguswa, na hata Firefox, kwa sababu inatumia maktaba hiyohiyo. Kila kampuni ikatoa sasisho lake, kwa wakati wake. Mwenye vivinjari vinne ana kazi nne za kusasisha, na kile asichokifungua mara kwa mara ndicho kinachobaki nyuma. Ushauri wetu: pakua Firefox, ubaki nayo pamoja na kimoja cha Chromium kwa tovuti zinazogoma. Vitatu vingine futa.

Wenye iPhone, kwenu injini ni WebKit hata mkipakua Chrome. Apple iliruhusu injini nyingine katika Umoja wa Ulaya, kuanzia iOS 17.4 (mfumo wa iPhone) ya Machi 2024, na baadaye Japani. Kusasisha kivinjari kwenu ni kusasisha iOS.

Kila asubuhi simu inaniletea ujumbe "Simu yako ina virusi 13, safisha sasa". Nimeweka antivirusi mbili, hazioni kitu. (Msomaji, Bukoba)

Hazioni kwa sababu huenda hakuna kirusi. Kuna siku ukurasa fulani ulikuambia "Bonyeza Ruhusu kuthibitisha kuwa wewe si roboti", nawe ukabonyeza. Hapo uliipa tovuti hiyo ruhusa ya kukutumia arifa, na sasa inaitumia kukutangazia.

Itazame arifa yenyewe bila kuifungua: utaona alama ndogo ya Chrome na jina la tovuti usiyoikumbuka. Fungua Chrome, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa. Kwenye orodha ya zilizoruhusiwa, zima kila usiyoitambua; kama huhitaji arifa za tovuti yoyote, zima swichi ya juu kabisa. Kufuta historia peke yake hakusaidii, ruhusa inabaki palepale. Kama arifa haina alama ya kivinjari, basi inatoka kwenye programu uliyopakua, na ya kushuku kwanza ni ile uliyoiweka muda mfupi kabla usumbufu haujaanza. Hizo antivirusi mbili nazo ondoa.

Kufuli la pembeni ya anwani ya tovuti limekwenda wapi? (Msomaji, Dodoma)

Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye toleo la 117, Septemba 2023, ikaweka vijistari viwili vyenye vitufe. Watu walidhani kufuli ni uthibitisho kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu, kumbe lilionyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Tapeli naye anapata cheti cha kuwekewa kufuli hilo, tena bure. Soma jina la tovuti ukianzia kulia, kabla ya mkwaju (/) wa kwanza: benkiyako.co.tz.zawadi.example ni mali ya zawadi.example, haina uhusiano na benki yako.

Opera Mini inaniokolea bando sana. Naweza kuingilia benki? (Msomaji, Kisumu)

Kusomea habari, endelea nayo bila wasiwasi. Benki hapana, hasa ikiwa kwenye kiwango cha juu kabisa cha kuokoa data. Katika hali hiyo ukurasa hupitia kwanza seva (kompyuta) za Opera, unabanwa, ndipo unakuja kwenye simu. Usimbaji, yaani kuficha mawasiliano, unaanzia kwenye simu yako hadi Opera, kisha unaanza upya kutoka Opera hadi benki. Katikati hapo maandishi yamefunguliwa. Isitoshe, kurasa za benki hutegemea JavaScript, lugha ya programu inayoendesha vitufe vya ukurasa, kwa hiyo mara nyingi kitufe cha kuthibitisha kinagoma kubonyezeka, na unabaki hujui kama pesa imekwenda au haijakwenda. Zima kuokoa data kabla ya kuingia, au tumia kivinjari kingine kwa dakika hizo chache.