Mke ana haki, mume anahesabiwa miaka: kuomba uraia ukiwa na mwenza Mtanzania

Juzi nimepokea ujumbe wa baba mmoja Mkenya, mkazi wa Moshi, ambaye mkewe ni Mtanzania. Ameandika: "Dada yangu ameolewa na Mtanzania huko Arusha, ameambiwa anaweza kuomba uraia hata leo. Mimi nimeoa Mtanzania, naambiwa miaka haijatimia. Kwani ndoa si ni ndoa?"

Ndugu yangu, kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 sivyo. Kifungu cha 11 kinamtaja mwanamke aliyeolewa na raia: huyo ana haki ya kuomba uraia wa tajnisi, yaani ule anaopewa mgeni kwa kuuomba, wakati wowote mumewe akiwa hai. Mwanamume aliyeoa raia hakutajwa. Yeye anapita kifungu cha 9, kilekile cha mgeni yeyote, hata asiye na mke wala mtoto hapa nchini. Mimi naona sheria hii inawaonea mabinti zetu, maana anayepunjwa hapo si mgeni peke yake. Ni Mtanzania anayeambiwa kwamba ndoa yake haina uzito sawa na ya kaka yake. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na maombi huandikwa kwa sheria iliyopo.

Akina mama, maneno "mume akiwa hai" yasomeni mara mbili. Mume akifariki kabla hujaomba, haki ya kifungu cha 11 imekwisha. Mjane anabaki mgeni, na akitaka uraia anaanza kuhesabiwa miaka kama mtu mwingine. Kibali chake cha ukaazi, kama kilitolewa kwa sababu ya mume, nacho kinayumba. Halafu linakuja suala la ardhi. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji, kwa hiyo kiwanja cha Njiro au kihamba (shamba la ukoo) cha Kibosho ndicho kinachogeuka ugomvi matanga yakishaanuliwa. Wapo wanawake walioolewa huku miaka mingi, watoto wamemaliza vyuo, na fomu hawajajaza kwa sababu hakuna aliyewaambia kwamba haki hiyo ina mwisho. Kama mume yupo na afya anayo, anza mwezi huu.

Kitu cha kwanza ni cheti cha ndoa. Hapa ndipo maombi mengi yanapokwama, hasa kwetu Kilimanjaro ambako ndoa inaanzia kwenye mahari na mbege, pombe yetu ya ndizi. Wazee wameridhika, ukoo unakutambua, lakini karatasi hakuna. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka hata ndoa ya kimila isajiliwe, na muda uliowekwa ni siku 30 tangu kufungwa. Wengine wana karatasi ya kanisani ya kubarikiwa ndoa wakidhani ndicho cheti chenyewe. Angalia kama kina namba ya usajili wa serikali. Kama hakina, anzia kwa msajili wa wilaya au RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi, vifo na ndoa, kabla hujagusa fomu ya Uhamiaji.

Kisha linganisha majina. Weka mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na kibali cha ukaazi, usome jina herufi kwa herufi. Pasipoti inasema Wanjiru, cheti cha ndoa kinasema Wanjiro. Kwenye kibali jina la baba limetangulia, kwenye cheti cha kuzaliwa halipo kabisa. Ofisa hawezi kukisia kwamba ni mtu yuleyule. Tofauti ndogo ya tahajia hufafanuliwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Cheti cha Kifaransa kutoka Burundi au Kongo kitafsiriwe na mtafsiri anayetambulika, na tafsiri ishikizwe pamoja na nakala ya asili.

Sasa turudi kwa akina baba. Hesabu ni hii: uwe umeishi Tanzania miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo uwe umeishi humu jumla ya miaka isiyopungua 7. Kwa hiyo mwenye miaka 7 tu bado hajafika. Anahitaji 8 ndani ya 11. Ile 7 inaweza kuwa ya vipandevipande, ila ile miezi 12 haikatwi. Mfanyabiashara anayelala Taveta wiki mbili na Moshi wiki mbili anajiharibia mwenyewe hesabu. Na ukaazi unathibitishwa kwa vibali. Mihuri ya kuingia na kutoka Namanga au Holili kwa pasi ya mgeni inaonyesha ulipita tu. Pasipoti za zamani zilizokwisha muda usizitupe kamwe, ndizo zinazobeba miaka hiyo. Zaidi ya miaka, unatakiwa kujua Kiswahili au Kiingereza, kuwa na tabia njema, kuonyesha mchango wako kwa taifa na nia ya kuendelea kuishi hapa. Hapo kwenye mchango andika vitu vinavyoshikika: ajira ulizotoa, kodi uliyolipa, ujuzi unaofundisha.

Fomu zinapatikana ofisi yoyote ya Uhamiaji, na ada iulizwe hapohapo, usiichukue kwa mtu wa mtaani. Kisha unatangaza nia yako katika matoleo mawili yanayofuatana ya gazeti lililosajiliwa nchini. Tangazo linataja jina na anwani yako, na kumtaka yeyote mwenye sababu ya kupinga aandike na kutia saini. Jina la tangazo liwe la pasipoti, si lile la mtaani la Mama Brayan. Hifadhi ukurasa mzima wenye jina la gazeti na tarehe. Kipande kilichokatwa kwa mkasi hakithibitishi kitu.

Baadaye kuna mahojiano ya kamati: kata, wilaya, halafu mkoa, ndipo faili linakwenda kwa Kamishna Jenerali wa Uhamiaji na hatimaye kwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Omba pale unapolala kweli. Watu wa Usa River hujiandika "Arusha" na wa Boma Ng'ombe hujiandika "Moshi", wakati wako Arumeru na Hai, na kamati ya wilaya isiyo yao haiwajui. Mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata wakufahamu kwa sura, si kwa barua ya jana. Jibu kwa Kiswahili hata kama kimevunjika. Uamuzi wa Waziri ni wa mwisho na halazimiki kutoa sababu, kwa hiyo maelezo yote yawe ndani ya faili tangu mwanzo.

Kuhusu uraia wa zamani: Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Kwamba Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu, au Ujerumani imeruhusu tangu 2024, hakukusaidii upande huu. Lakini tafadhali usiukane uraia wako kabla hujapata barua kwamba ombi limekubaliwa. Ukijitoa mapema halafu ombi likakataliwa, unaweza kubaki huna nchi. Mwingereza ana nafuu, kwani asipopata uraia mwingine ndani ya miezi 6 sheria ya kwao inamhesabu bado ni wao. Mmarekani lazima asimame mwenyewe mbele ya ofisa wa ubalozi, kwa hiyo apange safari ya Dar. Mkenya wa kuzaliwa aliyeukana uraia anaweza kuomba kuurudisha huko mbeleni.

Ukishaleta uthibitisho wa kuukana na kula kiapo cha utii, unapewa cheti cha tajnisi. Toa nakala zilizothibitishwa, kisha nenda NIDA, mamlaka ya vitambulisho vya taifa, ubadilishe taarifa: kitambulisho ulichokuwa nacho ni cha mgeni mkaazi, na usipokibadilisha ofisi nyingine zitaendelea kukusoma kama mgeni. Pasipoti ya Tanzania iombe baada ya hapo.