Nizidishe makadirio ya A* kwa 10?

Swali: Mtaalamu, natengeneza gemu ambamo mhusika anatafuta mlango wa kutokea kwenye mzingile wa miraba 50 kwa 50. Hatua ya kawaida ina gharama ya 1, ya mshazari 1.41. Natumia A*, algoriti ya kutafuta njia, na makadirio ya Manhattan ya gharama iliyobaki hadi mlangoni. Anafika, ila mara nyingine anapita njia ndefu bila sababu. Nimeshauriwa nizidishe makadirio kwa 10 ili awe na akili zaidi. Nifanye hivyo?

Jibu: Usifanye. Ugonjwa wako ni makadirio kuzidi ukweli, na dawa uliyopewa ni kuyazidisha tena!

Chukua mlango ulio miraba 3 kulia na 3 juu. Manhattan inajumlisha tu miraba ya mlalo na ya wima: 6. Mhusika wako anakata mshazari mara tatu na kufika kwa 4.23. Hart, Nilsson na Raphael walipochapisha A* mwaka 1968, ahadi ya njia fupi kuliko zote ilikuja na sharti: makadirio yasizidi gharama halisi iliyobaki. Watu wameshika ahadi, sharti wamelitupa. Wewe pima umbali wa mlalo na wa wima hadi mlangoni, chukua ulio mkubwa, kisha jumlisha ulio mdogo mara 0.41. Kwa mlango ule unapata 4.23 kamili.

Kuzidisha kwa 10 kunafanya nini? A* huchagua kwa kujumlisha gharama ya njia iliyokwisha kupitwa na makadirio ya iliyobaki. Ukizidisha makadirio, gharama ile inamezwa, na algoriti inabaki kukimbilia chochote kinachoonekana kuwa karibu na mlango. Hata makadirio yakiwa sahihi, ukiyazidisha kwa 10 umeruhusu njia yenye gharama hadi mara 10 ya iliyo bora. Wapo wanaozidisha kwa 1.2 wakijua wanachopoteza, nao sina ugomvi nao. Nina ugomvi na anayegawa namba kama hirizi bila hata kuuliza hatua zako zina gharama gani.

Maana hapo ndipo wengi wanaponichosha: wanaamini A* inauona mzingile. Haioni kitu. Makadirio hayajui ukuta. Mlango ukiwa nyuma tu ya ukuta, A* itachungulia vichochoro vyote vilivyo jirani nao, hata vilivyoziba, kabla ya kukubali kurudi nyuma na kuzunguka. Kwenye mzingile usio na mizunguko, ambao kati ya nukta mbili una njia moja tu, hata utafutaji wa kina, unaofuata kichochoro kimoja hadi mwisho kabla ya kujaribu kingine, utakupa njia ileile. Na hatua zote zikiwa na gharama sawa, utafutaji wa mapana wenye foleni ya kawaida, unaokagua miraba ya karibu kabla ya ya mbali, unatoa njia fupi bila makadirio yoyote. Lakini huo hauna jina la kutisha, kwa hiyo hauuziki.

Kuna na wanaompa mhusika ramani nzima, kisha wanamsifu kwamba "anapeleleza". Huo ni udanganyifu, na mchezaji huuhisi upesi. Kama hajaiona ramani, achukulie miraba asiyoijua kuwa wazi, na akigonga ukuta apange upya. D* Lite, algoriti ya 2002, hufanya upangaji huo bila kuanza hesabu mwanzo kila mara.

Akija mwingine na namba yake, weka makadirio kuwa 0, A* igeuke Dijkstra, algoriti isiyotumia makadirio, uiendeshe kwenye mzingile uleule. Itachelewa, lakini njia itakayotoa ni fupi kweli. Ya kwake ikiwa na gharama kubwa zaidi, mrudishie namba yake.