Kipimo cha saa mbili kinatosha kugundua bakteria sugu kwa dawa?

Umeuliza kama kipimo cha haraka kinaweza kuchukua nafasi ya kuotesha bakteria kwa siku mbili tatu. Kwa sehemu, ndiyo. PCR, yaani kipimo kinachonakili vipande vya DNA mara nyingi ili vionekane, hutafuta jeni yenyewe ya usugu, mfano jeni ya mecA kwa stafilokoka (aina ya bakteria) sugu kwa antibiotiki ya methisilini, na jibu hutoka kwa saa moja au mbili. Wengi hukosea hapa: mashine huona tu jeni iliyopangiwa kuitafuta. Ikijibu "haipo", bakteria huyo bado anaweza kuwa sugu kwa njia nyingine.

Mimi naipenda zaidi Carba NP, kipimo cha kubadilika rangi kilichochapishwa 2012, kwa kuwa kinaangalia kitendo chenyewe cha bakteria kuivunja dawa. Unachanganya bakteria na antibiotiki ya imipenemu pamoja na rangi ya fenoli nyekundu. Akiwa na kimeng'enya cha kuivunja dawa, asidi huzalika na maji mekundu hugeuka njano au chungwa ndani ya saa mbili, unaona kwa macho yako! Ila kwa kawaida hutumia bakteria waliokwisha kuoteshwa. Na sahani ya kuoteshea bakteria msiitupe, kwani ndiyo itakayomwonyesha daktari ni dawa zipi bado zinawaua bakteria hao.