Rimoti ya picha za usiku: funua tundu la kamera kabla ya kutoa pesa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natumia Canon 2000D na lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Nataka kupiga nyota zikichora mistari juu ya ngalawa, ufukweni kwetu Pangani, niiache kamera wazi kama dakika 20 hivi. Nimenunua rimoti ndogo isiyo na waya, na muuzaji aliniapia kuwa ni ya Canon. Nimebadilisha betri, nimeisogeza mpaka ikagusa lenzi, kamera haishtuki. Niirudishe nichukue ya bluututhi, au niongeze hela nichukue ile yenye saa, inayofyatua yenyewe kwa muda uliopangwa? Mwenzangu ananiambia nichukue yoyote ya waya, eti plagi zote ni zilezile.

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Muuzaji hakukudanganya, na rimoti yako huenda ni nzima kabisa. Ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza huku unatazama kioo cha simu. Ukiona kitaa cha zambarau kinameta, inafanya kazi. Mwanga ule jicho la binadamu haliuoni, lakini simu nyingi zinauona.

Shida ni kwamba 2000D haina jicho la kuupokea. Canon wameliweka kwenye kamera zao nyingi, ila ukoo wa 1100D, 1200D, 1300D mpaka hiyo yako wameunyima. Kile kitaa cha mbele, kinachowaka ukiweka kamera ijipige yenyewe, kinatoa mwanga tu, hakipokei kitu. Bluututhi nayo hamna humo. Kuna Wi-Fi na NFC. Ungebadilisha rimoti yako kwa ile ya bluututhi ungerudi nyumbani na hasira ileile, tena ukiwa umeongeza pesa.

Kwa hiyo usimwulize tena muuzaji kama kitu ni cha Canon. Funua kile kifuniko cha mpira ubavuni mwa kamera, upande wa mkono wa kushoto. Kuna tundu la USB, la HDMI, na moja dogo la duara. Hilo la duara ndilo sikio la kamera yako. Linaingia plagi ya milimita 2.5, nyembamba kuliko ya hedifoni za kawaida ambayo ni 3.5. Waya wa Canon wenyewe kwa tundu hilo unaitwa RS-60E3, na aina hiyo ya plagi huitwa E3. Sasa mwambie mwenzako: Canon hiyohiyo, kwenye 6D, 7D na ukoo wa 5D, inatumia plagi nyingine kabisa yenye pini tatu, iitwayo N3. Haiingii kwako hata uisukume kwa nyundo.

Hapo kwenye majina ndipo watu wengi wanapoliwa. Viwanda vya China vinavyotengeneza waya za bei nafuu vina majina yao. Plagi yako mara nyingi wanaiandika C1, na ile ya pini tatu ya Canon wanaiita C3. Halafu wana N3 yao, na hiyo ni ya Nikon, kwa kamera kama D5300, D7000 au D750! Mtu anasoma kwenye kitabu cha Canon yake «N3», anaagiza N3, anapokea plagi ya Nikon. Mimi mwenyewe ninayo moja kwenye droo, imekaa miaka, sina Nikon. Ukifika dukani nenda na kamera, chomeka palepale kaunta, bonyeza, usikie mlio. Ukiagiza kwa simu, tuma picha ya tundu.

Wenye kamera nyingine wanaosoma hapa wasijione wametupwa. Nikon D700, D800 na D850 zina tundu la pini kumi. D3400 haina tundu la rimoti hata kidogo ila ina jicho, kinyume kabisa cha kamera ya kijana wetu, na kwake rimoti ndogo ya ML-L3 ndiyo jibu. Sony a6000 na a7 zinapokea waya kwenye tundu lilelile la USB.

Turudi Pangani. Rimoti ya waya ninayokushauri ni ile isiyo na kitu ndani. Nasema hivyo kwa maana yake halisi: ukiifungua utakuta vipande vitatu vya bati. Kimoja ni cha pamoja, cha pili cha kutafuta fokasi, cha tatu cha kufyatua. Ukibonyeza nusu, cha pili kinagusana na cha pamoja. Ukibonyeza mpaka mwisho na cha tatu kinagusa. Ni swichi, kama ya taa ya sebuleni. Haina betri, haina mawimbi, haigombani na unyevu wa bahari kwa urahisi. Ya kwanza niliyotumia nilitengenezewa na fundi simu kwa swichi ya kengele ya mlango na plagi ya milimita 2.5, ilikuwa mbaya kama nini, na ilipiga picha.

Kitu kimoja tu usikikose: kufuli. Bonyeza kitufe mpaka mwisho, kisukume mbele kwa kidole gumba, kibaki hapo kimezama. Ukinunua isiyo na kufuli utakesha umeshikilia kitufe, na mkono ukitetemeka waya unautikisa mwili wa kamera, ukarudi kulekule ulikokuwa unakimbia.

Sasa hizo dakika 20. Ukigeuza gurudumu kwenye M, yaani unapopanga kila kitu mwenyewe, ukapita sekunde 30 utafika BULB, na kwa kufuli utaweza kuiacha shata, lile pazia la mbele ya sensa, wazi dakika 20. Sikushauri. Sensa inapata joto na picha inajaa chengachenga, taa za mji zinapausha anga, na mvuvi mmoja akipita na karabai yake mbele ya lenzi kazi yote ya dakika 20 imekwenda. Fanya hivi: kaa M, sekunde 30, f/3.5 (lenzi wazi kabisa), ISO (wepesi wa kunasa mwanga) 800 au 1600, upigaji wa mfululizo, ile alama ya fremu zilizopangana. Funga kufuli la waya, nenda kakae. Kamera itapiga sekunde 30, ifunge, ipige tena, mpaka utakapofungua kufuli au betri ife. Nyumbani unaziunganisha kwa programu ya StarStaX, ni ya bure, na mistari inaungana kuwa mmoja. Mvuvi akipita unafuta taa yake kwenye fremu mbili tatu, basi.

Kwa hiyo ile yenye saa huihitaji kwa kazi hii. Waya wa kawaida wenye kufuli unakufikisha.

Na dakika 20 ni chache. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo katika dakika 20 nyota inasogea nyuzi 5. Nyoosha mkono, kunja ngumi: upana wa ngumi ni kama nyuzi 10. Mistari yako itakuwa nusu ngumi, na lenzi yako kwenye milimita 18 inaona anga pana zaidi ya ngumi sita. Itaonekana kama vikwaruzo. Kaa saa moja angalau, upate ngumi moja na nusu, ukiweza kaa mbili. Betri ya LP-E10 ni ndogo, kwa hiyo nenda nayo ya pili, na ukiibadilisha usiguse miguu ya stendi.

Kingine ambacho watu hawakuambii kwa kuwa picha wanazoziiga zimepigwa Ulaya: ile miduara mikubwa inayoizunguka nyota moja usiitarajie. Pangani iko kama nyuzi tano tu kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wa macho, na kitovu cha kusini, ambacho nyota za huko zinakizunguka, kiko nusu ngumi tu juu ya maji. Ukiielekeza kamera mashariki, baharini, nyota zinachomoza karibu wima na mistari itasimama kama mvua. Ukitaka upinde, geuka kusini au kaskazini, utapata nusu duara inayokaa juu ya upeo kama tao la mlango. Mimi naipenda ile ya mvua. Mlingoti wa ngalawa ukisimama sambamba na mistari ni picha ambayo mtu wa Norway hawezi kuipiga kwao.

Ngalawa yenyewe iwe imelala mchangani, maji yamekupwa. Ikielea itayumba, na kwenye fremu mia moja itakuwa ukungu. Lakini uangalie saa za maji. Siku moja niliwasha, nikafunga kufuli, nikaenda kunywa kahawa, nikarudi nikakuta mguu mmoja wa stendi uko majini mpaka kwenye goti.

Rudi kwenye rimoti yenye saa, maana najua bado inakutamanisha. Ina kazi zake: fremu za dakika mbili mbili, kuanza saa nane usiku wewe umelala, au video ya mawingu yanayokimbia. Ukiinunua, jihadhari na neno INTVL, yaani muda wa kurudia. Kwenye nyingi ni muda kutoka mwanzo wa fremu moja hadi mwanzo wa inayofuata, siyo mapumziko kati yake, na sekunde 30 za kamera kwa kweli ni 32. Mtu anaweka INTVL 31 akidhani ameacha nafasi ya sekunde moja. Rimoti inafyatua sekunde ya 31, kamera bado iko kazini, haisikii. Inafyatua tena sekunde ya 62, hapo inasikia. Amepoteza nusu ya usiku, na mistari inatoka vipandevipande kama mshono wa cherehani uliolegea. Weka 33 au 34. Nyingine zinahesabu kuanzia shata inapofunga, kwa hiyo jaribu mezani kwanza kwa fremu tano huku ukitazama saa ya ukutani.

Makosa mengine yanayosingiziwa rimoti: lenzi ikiwa kwenye AF (fokasi ya yenyewe), gizani inasaka fokasi, haipati, na kamera inagoma kufyatua. Weka MF (fokasi ya mkono), kuza nyota kali au taa ya mbali kwenye kioo cha nyuma, zungusha pete ya fokasi mpaka iwe kinukta, halafu bandika selotepu kwenye pete. Zima IS ya lenzi, ile ya kutuliza mtikisiko. Zima pia kile kipengele cha kupunguza chengachenga kwenye picha ndefu, kwa sababu baada ya kila sekunde 30 kamera itakaa sekunde 30 nyingine ikishughulika peke yake, na umerudi kwenye mshono wa cherehani. Na waya usining'inie. Kusi likivuma unapigapiga kwenye mguu wa stendi kama kamba ya bendera. Mimi naufunga kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Simu je? Kupitia Wi-Fi na programu ya Camera Connect unaweza kufyatua, na kwa picha ya familia uani ni raha. Ufukweni usiku inakula betri mbili kwa pamoja, na kila ukitazama kioo cha simu macho yako yanapoteza giza yaliyokwisha kulizoea.

Ukiona hata bei ya waya ni mzigo mwezi huu, hujafungiwa nje. Kwa Njia Nyeupe, ule ukanda wa nyota unaopanda juu yenu jioni za Juni mpaka Agosti, huhitaji rimoti yoyote. Gawanya 500 kwa 18 (milimita za lenzi) mara 1.6 (kwa kuwa sensa yako ni ndogo), unapata kama sekunde 17. Piga 15 nyota zisivutike. Weka kamera ijihesabie sekunde 2, bonyeza, ondoa mkono, mtetemo uwe umekufa kabla shata haijafunguka. Kwa mistari nako, zamani nilikuwa naweka kijiwe juu ya kitufe cha kamera nakifunga kwa mpira, kikikandamiza usiku kucha. Fremu ya kwanza inatikisika, unaitupa, zilizobaki ni nzima.

Rimoti yako ya sasa irudishe kama wanapokea. Wasipopokea, muulize mtu mwenye 60D au 70D, itamfaa.