Mwalimu Mwenye Sonona Mwachieni Darasa Lake

Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Kiswahili na Historia, na ninaishi na sonona, ugonjwa wa akili unaoitwa pia depression. Natumia dawa, nahudhuria kliniki na naingia darasani kama wenzangu. Nawaandikia walimu na wakuu wa shule, maana ofisi ya walimu ndiko nilikoumia kuliko mahali pengine popote.

Watu wakisikia unyanyapaa hudhani ni matusi. Matusi yapo. Mtu akikosea jambo dogo tu anaambiwa apelekwe Mirembe. Ile hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma imegeuzwa kejeli nchi nzima, ilhali wapo waliotibiwa pale wakarudi kazini. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja kwa sura ya huruma. Nilipokwisha kueleza naumwa nini, kidato cha nne wakapewa mwalimu mwingine. Zamu nikaondolewa. Kusahihisha moko, mtihani wa majaribio, nikaambiwa, "Pumzika tu, Mwalimu." Hakuna aliyeniuliza naweza nini na nini siwezi. Na tangu hapo nikimkaripia mwanafunzi ambaye hajafanya kazi niliyompa, walimu wanatazamana. Mwenzangu akikaripia husemwa ni mkali, mimi nikikaripia, "imeanza tena."

Kuna jambo la kitabibu ambalo wakuu wa shule wangelijua, lingeokoa wengi. Dawa za sonona hazileti nafuu siku ile ile. Huchukua wiki kadhaa. Maudhi yake ndiyo hutangulia. Mimi nilianzishiwa amitriptyline, ya kumeza usiku. Asubuhi kichwa kizito, usingizi bado uko machoni, mdomo umekauka mpaka ulimi unanata. Nilikuwa naingia darasani na chupa ya maji, nasoma aya moja, nakunywa, naendelea, na wanafunzi wakaanza kunong'ona kwamba nina kisukari. Kwa hiyo wenzako wanakuona umezidi kuchoka kipindi kile kile ulichoanza matibabu, wanasema dawa zimekumaliza. Wengi huziacha hapo hapo. Ndugu yangu, usiache ghafla. Rudi kwa daktari umweleze yanayokusumbua, kwa sababu kipimo hubadilishwa, na hata dawa yenyewe hubadilishwa.

Aliyenisaidia ni mtaaluma wetu mmoja, mwalimu anayesimamia taaluma na ratiba. Alinivuta pembeni akaniuliza, "Mwalimu, saa ngapi unajisikia vizuri zaidi?" Nikamwambia, kuanzia saa nne. Akapanga ratiba upya, vipindi vyangu vya asubuhi akavipeleka baada ya chai. Hakutangaza kwenye kikao wala hakuniombea mbele za watu. Mwalimu mwenye presha akisema ngazi zinamchosha hupangiwa darasa la chini na mambo yanaisha. Hivyo ndivyo nilivyotendewa, na heshima yangu ikabaki.

Sheria nayo ijulikane. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayowahusu hasa walimu wa shule binafsi hapa Tanzania Bara, inakataza kumbagua mfanyakazi kwa sababu ya ulemavu. Inatoa pia likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, alimradi ulete cheti cha daktari. Haikutenga ugonjwa wa akili na magonjwa mengine. Walimu wa serikali wana taratibu za utumishi wa umma. Muulize afisa utumishi mapema, kabla hujazidiwa.

Wewe uliyegunduliwa karibuni, hulazimiki kumweleza kila mtu ofisini. Chagua mmoja unayemwamini, awe anajua dalili zako za mwanzo, ili siku ukianza kukaa peke yako na madaftari yanarundikana bila kusahihishwa, akuulize kama kliniki umekwenda. Wanafunzi wakidadisi, "naumwa, natibiwa" inatosha.

Na ukienda kwa mkuu wa shule usiende na jina la ugonjwa peke yake. Nenda na ombi: vipindi vya asubuhi visogezwe, siku ya kliniki upewe ruhusa, kidato cha nne ubaki nacho. Asipojua unachohitaji ataamua mwenyewe, na uamuzi unaomjia haraka ni kukutoa darasani.