Maswali Yenu: Shule Ikishawachukua Vipanga, Inawafanyia Nini?

Barua nyingi za safari hii zinahusu shule za sekondari zinazochuja wanafunzi kwa mtihani. Tumezijibu nne.

Binti yangu amepata nafasi katika shule ya mchujo inayoongoza matokeo kila mwaka. Ndugu wananiambia nisihangaike kuikagua. Nitajuaje kama ni bora kweli? – Mama wa watoto watatu

Hongera kwa binti, mama, lakini ikague. Shule iliyopokea watoto waliofaulu sana, kisha ikatoa watoto waliofaulu sana, bado haijaonyesha imewaongezea nini. Utafiti uliochapishwa 2014 uliwatazama waombaji wa shule za mchujo za Boston na New York waliovuka alama ya kuingilia kwa kidogo, ukawalinganisha na wale walioikosa kwa kidogo. Alama zao za baadaye karibu hazikutofautiana. Mwaka huohuo utafiti wa namna hiyo kuhusu shule za kitaifa za Kenya haukupata ushahidi wa kutosha kwamba shule hizo zilipandisha alama za mtihani wa mwisho. Ule wa Trinidad na Tobago wa 2010 ulikuta faida. Maana yake, kuchuja peke yake hakukuhakikishii kitu.

Anza na idadi. Chagua kundi moja, uliza waliingia wangapi na wangapi walikaa kwenye mtihani wa mwisho. Tuseme waliingia 120, wakafanya mtihani 104, wakafaulu 102. Tangazo litasema asilimia 98. Ukihesabu kuanzia siku ya kuripoti, ni asilimia 85. Wale 16 walikwenda wapi? Wapo wanaohama kwa sababu za kifamilia, hilo halina neno. Lakini shule inayowashauri wanaosuasua watafute "shule inayowafaa" miezi michache kabla ya mtihani inasafisha takwimu kwa kuwatupa watoto, na kwetu hiyo haiwezi kuitwa bora hata ikishika namba moja.

Halafu omba matokeo ya theluthi ya chini, yaani walioingia kwa alama ndogo kuliko wenzao. Vinara hufaulu hata mwalimu akikosekana muhula mzima. Hawa wengine ndio wanaoonyesha kazi yake. Uingereza ilianza 2016 kutumia kipimo cha masomo 8 kinachomlinganisha kila mwanafunzi na wenzake nchini waliomaliza shule ya msingi wakiwa na alama kama zake. Shule yoyote inayotunza alama za kuingilia inaweza kufuata wazo hilo na kuwafuatilia watoto wake mmoja mmoja. Ila usishtuke wastani wa vinara ukishuka kidogo: aliyeingia na alama ya juu kabisa hana pa kupanda, na baadhi yao siku ya mtihani waliangukiwa na bahati.

Mwisho, madaftari. Omba matatu ya somo moja: la anayeongoza, la wa katikati na la anayeshika mkia. Tazama tarehe za kusahihishwa. Je, mwalimu ameandika kosa liko wapi, na mwanafunzi ameirudia kazi hiyo? Vyema nyekundu pasipo marudio havimfundishi mtu. Maabarani uliza kifaa kimoja hutumiwa na wangapi. Wakizidi wanne, mmoja anapima na waliobaki wananakili namba. Maktabani usihesabu vitabu vya rafuni, fungua daftari la kuazima. Na usisahau ratiba ya bwenini. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Kulala saa tano usiku na kuamka saa kumi alfajiri husifiwa kuwa ni nidhamu, kumbe ni kumnyima mtoto usingizi ambao akili yake inauhitaji ili ishike aliyosoma mchana.

Tunapokea wanafunzi bora, tunamaliza silabasi mapema, na mwaka wa mwisho wote tunafanya mitihani ya miaka ya nyuma. Matokeo yamegota palepale. Tuanzie wapi? – Mwalimu wa taaluma

Mwalimu, anzia kwenye huko kumaliza mapema. Mtoto mwepesi huficha mapengo kwa sababu anakumbuka vizuri: anakariri kwamba namba ikivuka upande wa pili wa mlinganyo hubadili alama, bila kujua kwa nini. Swali likigeuzwa kidogo, anakwama.

Wiki ya pili ya kidato cha kwanza toeni jaribio la dakika 40, lisilotangazwa alama wala nafasi, juu ya mambo ya msingi: sehemu, uwiano, ufahamu wa habari ndefu, kujenga hoja kwa maandishi. Majibu yapangwe kosa kwa kosa badala ya mtoto kwa mtoto. Kosa lililowakumba zaidi ya theluthi ya darasa lifundishwe upya kwa wote. La wachache lishughulikiwe katika vikundi vya watano au sita, dakika 30 mara mbili kwa wiki, mpaka liishe.

Kila kipindi kifunguliwe kwa maswali matano, madaftari yakiwa yamefungwa: mawili ya jana, mawili ya wiki iliyopita, moja la muhula uliopita. Dakika 8 zinatosha. Kulivuta jambo kutoka kichwani hulikaza kuliko kulisoma tena. Utaratibu huu huharibika mwalimu anapoanza kurekodi alama, kwani hapo ndipo wanafunzi huanza kuchunguliana.

Mitihani ya nyuma ingojee wiki 10 za mwisho, na kila karatasi ipewe muda wa kuifanya na muda kama huo wa kuichambua. Karatasi 12 zilizochambuliwa zina faida kuliko 60 zilizopitiwa mbio. Muda utakaopatikana uingie kwenye maswali magumu zaidi ya mada ileile, majaribio ya maabara wanayobuni wenyewe, na insha zinazoandikwa mara mbili. Walimu wa somo moja wakutane saa moja kila wiki, kazi za wanafunzi zikiwa mezani. Zisipokuwepo, kikao huishia kwenye matangazo.

Mwanangu alikuwa wa kwanza miaka yote. Sasa ni wa 41 kati ya 45, anasema yeye ni mjinga. Nimhamishe? – Baba mwenye wasiwasi

Usimhamishe bado, baba. Watafiti walilieleza jambo hili tangu 1984: mwanafunzi hujipima kwa wanaomzunguka, hivyo mwenye uwezo uleule hujiona dhaifu akikaa kati ya wenye uwezo mkubwa. Nafasi ya 41 haikuambii kama anajifunza. Chukua karatasi yake ya kwanza na ya karibuni ya somo moja, mkae pamoja mhesabu makosa yaliyokwisha. Akiyaona mwenyewe ataamini. Kumwambia tu "una akili" hakutamtosha. Akiwa amekwama kwenye somo moja au mawili, mwombe mwalimu mpango wa wiki 6 unaotaja kosa gani linarekebishwa.

Akianza kukosa usingizi, kuacha kula au kuwakwepa nyumbani, hilo limeshapita masomo. Nendeni shuleni wiki hiyohiyo, na kuhama kunaweza kuwa uamuzi sahihi.

Mtihani mmoja unatosha kuchagua wanafunzi? – Mjumbe wa bodi ya shule

Hautoshi. Hata mtihani mzuri, wenye uthabiti wa 0.90 (ukamilifu ni 1) na mkengeuko sanifu, yaani mtawanyiko wa kawaida wa alama kutoka kwenye wastani, wa alama 15, una kosa la kipimo la karibu alama 5: alama aliyopata mtoto hupishana na uwezo wake halisi kwa kadiri hiyo. Aliyepata 112 na aliyepata 109 hamwezi kuwatenganisha kwa haki. Walio ndani ya alama 5 juu au chini ya mstari wapeni karatasi ya pili siku nyingine. Alama zirekebishwe kwa umri wa miezi, kama ilivyo kawaida katika shule za mchujo za Uingereza, kwa kuwa katika darasa moja wamo waliopishana karibu mwaka mzima. Badilisheni aina za maswali kila mwaka, msije mkachagua waliolipiwa masomo ya ziada.

Baada ya miaka miwili linganisheni alama za kuingilia na maendeleo ya wanafunzi, sehemu ya mtihani isiyotabiri lolote iondoeni. Msiharakishe, maana mliobaki nao ni waliofaulu tu, na uhusiano huo utaonekana dhaifu kuliko ulivyo.