Gari litoke, ufunguo ubaki

"Mama Mdogo, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 34, naishi Masasi, nina mke na watoto wawili. Biashara yangu ni pembejeo: salfa na dawa za mikorosho. Miaka mitatu iliyopita nilinunua mnadani Land Cruiser hardtop kuukuu, ile ya mkonga, yaani bomba la injini kuvutia hewa juu ili isinywe maji mtoni, nikaanza kulifufua mdogo mdogo: springi mpya, tairi za matope, winchi, keria juu. Wikiendi natoka na wenzangu wawili wenye magari kama hayo. Tunakwenda Msimbati, tunapanda Rondo, na kwenye mvua za mwaka jana tulivuka Mto Lukuledi. Sinywi, sivuti, starehe yangu ni hiyo. Tatizo ni ndugu. Msiba, gari. Unyago, gari. Korosho zikianza mwezi wa kumi, gari. Msimu uliopita mjomba aliliomba, mwanawe akalibebea magunia siku kadhaa, likarudi difu ya mbele, lile sanduku la gia la katikati ya ekseli, inalia na mkonga umepasuka. Tangu hapo limelala uani. Nilimtumia mjomba meseji kwamba silitoi tena. Ukoo umekaa kikao, wanasema nimeota mapembe. Mama hasemi nami. Mke wangu anasema liuzwe tupumzike. Nifanyeje? Mwenye Mkonga, Masasi."

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kilichonikaa kooni si difu wala mkonga. Ni meseji. Mjomba unamtumia meseji? Huku kwetu kusini, uwe Mmakua, Myao, Mmakonde au Mmwera, mjomba si kaka wa mama yako tu. Ndiye aliyekusimamia jandoni. Ndiye aliyekaa mkekani siku unaposa, akajibu maswali ambayo wewe hukuruhusiwa hata kuyafungulia mdomo. Mtu wa namna hiyo ukimkatalia kwa meseji, hata kama haki yote iko kwako, umemtukana. Mimi naamini kikao kile hakikuitwa kwa sababu ya gari. Mngekuwa mmekaa naye barazani ukamwambia maneno yale yale, angenuna siku mbili, yakaisha.

Sasa nije upande wako, maana na wewe unayo haki, tena nyingi.

Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la Mtwara na Dar, enzi za kivuko cha Ndundu, kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Kipande cha Ndundu hadi Somanga nakijua kwa matope niliyofua kwenye nguo zake. Kwa hiyo usinione mama wa vitenge, magari nimeyasikiliza mezani miaka mingi. Watu wakiona gari limenyanyuka, lina tairi za meno na winchi mbele, wanasema hilo ni la kazi, halisumbuki, mpe yeyote. Kumbe ni kinyume. Kadiri unavyolivalisha gari la porini ndivyo linavyozidi kumtaka mtu anayelijua.

Tuchukue hiyo difu. Hardtop yako ukifunga habu za mbele, vile vifungio vya katikati ya magurudumu, na kuingiza fo-wili ili magurudumu yote manne yavute, ekseli ya mbele na ya nyuma zinalazimishwa kuzunguka sawasawa. Mchangani au kwenye tope hakuna neno, tairi inateleza kidogo na mzigo unapungua. Kwenye lami ukikata kona, magurudumu ya mbele yanataka kwenda mwendo mrefu kuliko ya nyuma, na hayana pa kutelezea. Nguvu yote inarudi kwenye gia na mashafti. Usukani unakuwa mzito, gari linaguna, na dereva asiyejua anadhani ni uzito wa magunia, anakanyaga mafuta zaidi. Binamu yako bila shaka alifunga habu ili atoke shambani kwenye kichanga, akafika barabara kuu akasahau kuzifungua, au hakujua kabisa kwamba zinafunguliwa. Nani alimwonyesha?

Hapo ndipo nakulaumu. Nakuona Ijumaa jioni: ufunguo unautoa msumarini, unamkabidhi, "haya, uende salama", unarudi kwenye taarifa ya habari. Gari limetoka Msimbati wiki iliyopita, tairi bado zina upepo mdogo wa mchangani, paundi 18, kwa sababu kompresa yako ya kujazia upepo ilikufa njiani. Yeye anapakia magunia hadi kwenye keria na kuteremka nalo mlima wa Newala. Tairi laini, mzigo mzito, uzito wote juu ya paa. Mshukuru Mungu kilichopasuka ni mkonga na si kichwa cha mtu.

Kwa hiyo usikae katikati ya "nalitoa" na "silitoi". Gari litoke, ufunguo ubaki. Anayetaka gari anakutaka na wewe. Kama huna nafasi siku hiyo, gari nalo halina nafasi. Hakuna atakayekuita mchoyo kwa hilo, kwa sababu utakuwa umejitoa mwenyewe kulala msibani na kuamka saa kumi alfajiri kwenda kufuata wapishi.

Na si kila safari. Mgonjwa na maiti, usiulize maswali, washa gari. Kuna vijiji huko Nanyumbu na Liwale ambako mvua zikichanganya, gari kama lako ndilo pekee linaloweza kumfikisha mama mjamzito hospitali, na ukimkatalia mtu siku hiyo, starehe yako ya Jumamosi itakuwa na doa ambalo hata wewe utaliona. Unyago ni sherehe, ina tarehe, basi wakwambie mapema na aliyealika aweke dizeli. Sema wazi, usione haya. Injini ya silinda sita hainywi maji. Korosho hapana. Korosho zina Fuso, zina guta, zina watu wanaoishi kwa kazi hiyo. Tena kasome karatasi yako ya bima: gari la binafsi likikutwa limebeba mzigo wa watu kwa malipo, hata mkiyaita mchango, siku ya ajali kampuni itakugeuzia mgongo.

Haya kayaseme kwa mjomba mwenyewe, kwa mdomo, kabla kikao cha pili hakijakaa. Usiende mikono mitupu. Ukishuka Mtwara kufuata mzigo wa dukani, pitia Feri ununue samaki wa maana, maana huko kwenu Masasi samaki wa bahari anafika amechoka. Anza na kuomba radhi kwa sababu ya ile meseji, kwa hiyo tu, si kwa kulinda gari lako. Mkishakula, mweleze safari utakazotoka na zile ambazo hutatoka. Gari likishapona, mpitie, mkalishe kiti cha mbele umpeleke hadi Msimbati. Wazee wengi wanaliona gari la kijana likipita tu na vumbi lake, hawajawahi kukaa ndani wakaona kijana anafanya nini huko.

Na mkifika Msimbati, nisikie vizuri, wewe na wenzako. Ile ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Lipeni kiingilio, mwendeshe kwenye mchanga mgumu maji yakiwa yametoka, na mwondoke huko juu kwenye mchanga mkavu ambako kasa wanataga. Usiku msikanyage kabisa. Halafu mrudipo, osheni chasisi kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo. Chumvi haingoji Jumatatu.

Mkeo sitamsema sana, kwa sababu hukuniandikia anachosema, umeniandikia anachotaka. Mwanamke anayesema "liuzwe tupumzike" huwa amechoka na kitu zaidi ya kelele za wakwe. Je, anajua winchi ilikuwa shilingi ngapi? Biashara yako inaingiza hela kwa msimu, salfa ikinunuliwa mnashiba, miezi mingine mnahesabu. Kama tairi nne za matope zilinunuliwa mwezi ambao ada ilicheleweshwa, yeye hajasahau, hata kama wewe umesahau. Andika matumizi ya gari kwenye daftari moja, mpe alisome, na kila mwanzo wa msimu mkubaliane kiasi. Kikiisha, kimeisha, hata kama taa za mbele mpya zinauzwa nusu bei. Na usiliuze sasa. Gari ulilolifufua kwa miaka mitatu ukiliuza ukiwa na hasira, litakutia kisirani nyumbani kuliko linavyokutia likiwa uani.

Limebaki deni la difu, ambalo najua unalipigia hesabu kimoyomoyo. Mkonga mdai binamu, au akamsaidie fundi wako Jumapili mbili na ajifunze habu zinafungwaje. Lakini kabla hujataja difu mbele ya mtu, mwambie fundi afungue nati ya chini, mafuta yamwagike kwenye beseni, na mwangalie pamoja. Yakitoka meusi yenye vumbi la chuma linalometa, gia zimeliwa, mzungumze. Yakitoka meupe kama chai ya maziwa, hayo ni maji. Difu yenye joto ikizama ghafla kwenye maji baridi inavuta maji kupitia kipumulio chake, na mkonga haukingi huko chini. Magunia yalibebwa mwezi wa kumi, ardhi imekauka. Lukuledi wenye maji uliuvuka wewe.